Risasi Iliyokunjwa

Jumamosi tunaosha vigae kwa miswaki ya watoto,
mimi, Bi Hesper Dowsing na kijana wa posta,
katika ukumbi wa parokia ya Skelby Parva
ambako hita hukohoa kuwashinda waumini.
Maji ya beseni yamegeuka chai ya maziwa.
Juzi walilima shamba la viazisukari,
na jembe la trekta, lisilojua kubisha hodi,
limewatapika tena Warumi.

Hawakuja na kaizari. Walikuja vipande vipande:
ukingo wa bakuli jekundu, unang'aa kama ulimi;
misumari ya viatu, kumi na mitatu, soli imeoza;
maganda ya chaza, na bahari iko mwendo wa siku mbili kwa punda
(mtu aliitamani pwani, akailipia nauli);
na kigae cha paa ambacho, kabla hakijakauka,
mbwa alikikanyaga.
Mfinyanzi alimtukana, nadhani.
Kidole changu kinaingia sawasawa katika unyayo ule
na najua mbwa alikuwa anakimbia.

Mervyn Stallibrass, aliyechimba mitaro maisha yake yote,
alifika saa tano na kopo la tumbaku.
"Nilidhani ni chubwi," alisema, "ya kuvulia.
Nimeitunza miaka kumi na moja, sikuitumia. Sijui kwa nini."
Ndani, risasi. Si ya bunduki:
risasi laini, ya kijivu, imekunjwa mara nne
kama noti ya mwisho kwenye pindo la kanga.

Ilikwenda Lincoln, ikakaa miezi saba,
ikarudi imenyooshwa, na karatasi ya tafsiri.
Mwandishi ni mwanamke. Jina lake Senovara.
Herufi amezikwaruza mbio mbio, nyingine kinyumenyume,
naye anamwambia mungu wa chemchemi, bila hata salamu:

aliyechukua sufuria yangu ya shaba,
awe mume, awe mke, awe mtumwa, awe mngwana,
usingizi umpite, tonge limkwame, haja isimtoke,
mpaka ailete mlangoni pako kwa mkono wake.

Ukumbi ulinyamaza.
"Maskini," akasema Bi Hesper, "walikuwa washirikina."
Nilicheka mpaka mswaki ukaniponyoka.
Maana shangazi yangu Mwanahamisi, kule Muheza,
sufuria yake ya pilau ilipoibwa siku ya hitima
hakwenda polisi. Alitangaza mtaa mzima:
Alhamisi nasomesha halbadiri.
Jumatano usiku tulisikia kitu kikitua barazani,
taratibu,
kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.
Asubuhi sufuria hiyo, imesuguliwa hadi masizi ya chini,
safi kuliko ilivyoondoka.

Nilitaka kuwaeleza. Kiingereza kilinifikisha nusu ya njia,
nikaishia kwenye sufuria.

Mervyn alinielewa. "Na huyu wetu," akauliza, "alirudishiwa?"

Huyu wetu.
Chemchemi yake leo ni kidimbwi nyuma ya zizi.
Tumelichekecha tope lake mpaka tukafika changarawe,
tumepata pini ya nywele, jino la ng'ombe,
na kizibo cha bia cha mwaka jana.
Sufuria hakuna.
Pengine mwizi alikufa anahesabu mapaa ya nyumba usiku kucha.
Pengine hakujua kusoma,
na wala hakuna aliyemtangazia.

Fomu najaza mimi, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.
Kitu: bamba. Madini: risasi.
Uzito: gramu thelathini na nane.
Umri: karne ya tatu, au jirani yake.
Hali ya kitu:
hapo kalamu ikasita.
Kona moja imemeguka, niliandika. Hasira nzima.

Bi Hesper ataifuta. Na aifute.
Nje trekta limewashwa tena.